Vuguvugu

Julai hii Meru haujavua blanketi, siku ya tisa leo.
Saa kumi na moja alfajiri natoka Ngaramtoni na mama,
magoti yake ndani ya vitenge viwili, miguu ndani ya soksi za marehemu.
Nasukuma kishikio hadi mwisho wa rangi nyekundu
na gari la baba linatupulizia
pumzi ya mtu aliyetoka kunywa maji ya mtungini.

"Ndivyo lilivyo," husema mama. "Hata yeye alivaa koti humu."

Fundi Sifaeli, Unga Limited, haanzi na boneti.
Anakaa kitini pangu, anawasha, anasikiliza,
anaweka kiganja kwenye tundu la upepo
kama anayepima homa ya mtoto asiyejua kusema.
Feni nzima. Upepo upo.
Haujabeba kitu.

Ndipo boneti. Ile mipira miwili inayozama ukutani
anaishika yote kwa pamoja,
kama anayesalimia Kurwa na Doto asijue yupi ni yupi.

"Mmoja ungechoma, mwingine ukapoa,
ningekwambia rejeta ndogo imeziba, uilie pesa yako.
Mmoja ungekuwa barafu, ningesema koki imeganda.
Hii yote vuguvugu.
Shika."

Nashika. Chai ya mtu aliyeitwa msibani akaiacha mezani.

Ananionyesha mshale wa joto:
umelala chini, palepale ulipolala tangu nijue kusoma.
Mimi nilidhani ndiyo adabu ya gari.
"Dakika arobaini barabarani, dada, na injini bado inatetemeka.
Itakupa nini?"

Bolti tatu. Loishiye anakinga beseni,
maji yanashuka na rangi ya mbege iliyolala,
kifuniko kinaachia, na
hamna.
Mahali pa themostati pana shimo tu,
na gasketi iliyokatwa kwenye boksi la sabuni,
ukingo wake una meno-meno.

"Nani aliing'oa?"

Sijibu. Naujua mkasi ule. Mama alishonea nao sare zetu zote.

Mwaka ule lilichemka Sekenke na magunia ya vitunguu.
Mama alipepea injini kwa kanga, mimi nikilia nyuma,
baba akarudi na kiganja chenye malengelenge, akaapa
hakuna tena kidude kitakachozuia maji humu ndani.
"Nchi ya jua hii! Hicho ni cha watu wa theluji."
Alisema hivyo, Ngaramtoni, mwezi wa saba, amevaa koti.

Kidude chenyewe hakukitupa. Loishiye anakikuta chini ya kiti,
kwenye boksi la spana, kimeviringishwa gazeti
ambalo picha zake zote ni za watu wenye tai pana.

Mama Nashipai wa chai anatuazima sufuria, kwa masharti.
Tunakitumbukiza kikining'inia kwenye uzi,
na sote wanne tunauinamia mvuke
tukingoja kifumbue jicho.
Maji yakatokota. Yakapungua nusu.
Hakikufumbua.

"Hiki ndicho kilichowachemsha," Sifaeli akasema. "Mzee alikuwa na haki."
Akafuta mikono, akafikiri.
"Nusu. Nusu nyingine ilikuwa kununua kipya."

Elfu thelathini na tano, duka la kona, bila risiti.

Kesho yake hatujafika Sakina, mshale ukanyanyuka,
polepole, kama mtu mzima anayeamka kwenye kigoda.
Ikaja kwanza harufu ya vumbi linaloungua,
kisha maganda ya kahawa,
kisha, nasema kweli, ugoro.

Mama hakusema neno. Akafungua kitenge kimoja.
Mbele kidogo akafungua cha pili, akakikunja vizuri mno.
Soksi hakuzigusa.

"Punguza," akasema, uso dirishani. "Inaniunguza."

Nikapunguza.
Kidogo sana.